Mwaka Moshi Ulipofutwa

Injinia alipopewa kipaza sauti nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na mpaka leo sijui kile kikombe nilikiweka wapi. Tulikuwa Usenge, nyumbani kwa Ouma, tumekaa chini ya turubai za kukodi, na jeneza lake lilikuwa mbele ya mlango wa nyumba aliyoianza mwenyewe na kushindwa kuimaliza. Nyuma ya boma wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwani, kama siku nyingine yoyote, maana omena haingoji mtu azikwe. Injinia amezeeka. Alikuja kwa fimbo, dereva wake amemshika kiwiko, na kwa kuwa kwao ni huko huko Bondo na jina lake bado ni kubwa, akawekewa kiti cha mbele. Alisalimia watu kwa Kijaluo, akasema aliwahi kufanya kazi na marehemu pale Kisumu, akasema Ouma alikuwa kijana mcheshi, mwenye nguvu za ajabu. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma. "Lakini kila binadamu ana udhaifu wake," akasema. "Leo si siku ya kuhesabu udhaifu wa marehemu."

Watu wakaguna kwa kukubali. Hakuna aliyeuliza udhaifu gani, kwa sababu pwani yote ile ya ziwa walishaambiwa kwamba Ouma alimalizwa na pombe. Kanisa lao linakataza pombe, na lilimtoa kwenye ushirika akiwa bado kijana. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma kila wiki, amekunja mikono inayotetemeka, na hakuwahi kuitwa mbele tena. Ndiyo maana siku ile kwaya ilikuja bila sare na kukaa mbali, kule kwenye ua wa mikatani. Pasta naye alitangaza mapema kwamba amekuja kama jirani, wala si kuendesha ibada. Mjane wake, Peris, alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kitambaa kikamfunika uso. Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilihisi damu imenipanda kichwani. Ouma hakuwahi kunywa pombe. Hakunywa hata busaa ya harusini. Aliyemmaliza alikuwa ameketi kiti cha mbele akipewa pole na soda.

Sasa nitausimulia ule mwaka, na nitausimulia kwa hasira, na asije mtu akaniambia nipunguze sauti. Habari za wazazi wangu na kwetu naziacha, hazina shida na mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti cha maabara, na nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni kwa Bi Mastura. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, ile njaa kubwa imepita juzi tu, na ziwa lilikuwa bado halijavamiwa na magugu. Nyumba ya Bi Mastura ilikuwa moja ya zile za baraza la mji, kuta nene, bati juu, bomba moja la maji uani kwa watu wote. Ukuta wa chumba changu haukufika kwenye paa, kwa hiyo nililala nikisikia habari za kila mtu: nani amefukuzwa shule, nani amepata mimba, sukari imepanda tena. Bi Mastura, baba yake alikuwa mtu wa Pwani na mama yake Mjaluo wa Seme, alikaanga mahamri asubuhi na kupika maharagwe jioni, na nazi ikipatikana sokoni alitutilia nazi. Kuta za jikoni kwake zilikuwa nyeusi tititi kwa moshi wa koroboi. Watoto wa nyumba ile wakipenga kamasi asubuhi, kitambaa kilitoka na masizi.

Nimeanza na masizi makusudi, kwa sababu mambo yote ya mwaka ule yalianzia hapo. Kazi yangu ilikuwa kwenye karakana moja ya injini za ndege, upande ule wa uwanja unaoelekea Otonglo. Jina la kampuni silitaji. Imeshakufa, na mawakili huwa hawafi. Injini zilizotengenezwa pale zilifungwa kwenye fremu ya chuma ndani ya banda la majaribio, zikawashwa mpaka ardhi inatetemeka, na moshi wake ukatokea kwenye handaki la zege upande wa nyuma. Moshi ule ulikuwa mzito. Fundi yeyote atakuambia kwamba moshi ni mafuta yaliyoingia motoni yakatoka kabla hayajamaliza kuungua. Yanageuka vumbi la makaa, jepesi, linalokwenda popote upepo unapokwenda. Na upepo wa mchana unatoka ziwani. Wanawake wa Otonglo walilalamika miaka na miaka kwamba nguo zao zinaanuliwa chafu kuliko zilivyoanikwa, na hakuna aliyewajibu. Halafu mkubwa mmoja akajenga nyumba ya ghorofa upande ule ule, shuka zake zikapata weusi mara moja, na ndani ya mwezi Injinia, mkuu wetu pale karakana, akaitwa Nairobi.

Ouma alikuwa mwenzangu wa kazi upande wa mafuta. Mrefu, mwembamba, mabega mapana, anatembea kama mtu anayesikia muziki. Aliniita nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni, na mimi nilimwita Jausenge, mtu wa Usenge, na ilitosha. Kila asubuhi tulifungua bomba la chini ya tangi, tukateremsha mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo na kuyaangalia kwenye mwanga kama yana maji au uchafu. Yale mafuta ya chupa hayarudishwi kwenye tangi. Tuliyamimina kwenye jerikeni, na ilikuwa desturi ya pale, kabla yangu na kabla ya Ouma, kwamba wafanyakazi wanapokezana kwenda nayo nyumbani kwa taa na stovu. Mafuta ya ndege ya injini zile ni ndugu wa mafuta ya taa, kwa hiyo nusu ya Kaloleni na Otonglo iliwaka kwa mafuta yetu. Saa ya chakula tulikaa nyuma ya stoo, ugali mmoja, sukuma wiki, na omena ambazo Peris alimfungashia Ouma kwenye karatasi kila aliporudi kutoka nyumbani. Ikiwa kuna samaki mzima, Ouma ndiye aliyemchambua, vidole viwili tu, anavuta mgongo wote wa mifupa mara moja na kuuweka kando ukiwa mzima. Alijisifu sana kwa hilo, na alikuwa na haki ya kujisifu.

Injinia aliporudi kutoka Nairobi alirudi na dawa. Ilikuja kwenye mabati ya lita ishirini, majimaji ya rangi ya machungwa iliyokolea, harufu yake si mbaya, kama majani yaliyovunjwa. Alituita wote ofisini kwake, akaweka mezani kandili mbili zilizojazwa mafuta yetu, moja akaitia matone ya dawa na nyingine akaiacha. Tukazitazama. Ile ya kwanza chemni yake ikabaki nyeupe, na ile ya pili ikaanza kushika weusi shingoni. Unaweza kucheka sasa, lakini sisi wote mle ndani tulikuwa watu tuliolelewa kwenye nyumba zenye moshi. Kwetu sisi chemni nyeupe ni taa njema, na taa njema ni nyumba yenye afya. Hakuna mtu pale ziwani aliyejua kipimo kingine. Tulipiga makofi. Mzee mmoja wa stoo alimuuliza kama anaweza kupewa kidogo ampelekee mama yake anayekohoa, na Injinia akacheka akasema bila shaka.

Dawa ile ilikuwa na tabia moja: haipendi mwanga. Ukiiweka juani inaharibika mara moja. Kwa hiyo Injinia akaamuru stoo ya kuchanganyia ifungwe kabisa. Dirisha likapigiliwa bati, nyufa zikazibwa kwa magazeti na gundi, mlango ukawekewa pazia la turubai. Mle ndani, kwenye joto la Kisumu, Ouma alifungua mabati, akapima dawa kwa kopo na kuikoroga kwenye pipa la mafuta kwa ubao, mikono mitupu. Nilimwuliza kwa nini asiuache mlango wazi angalau kidogo, apate hewa. "Nafunga juu ya vile injinia alisema mwanga inaharibu hii dawa," alinijibu. "Na wewe unajua mimi sipendi kuharibu kitu ya wenyewe." Alitoka mle jasho linamtiririka na vidole vina rangi ya machungwa mpaka kwenye kucha. Majaribio yakiisha, ni yeye tena aliyetumwa kuingia kwenye handaki la zege na kukwangua ukuta, kwa sababu badala ya masizi meusi sasa kulishika unga mwingine, wa kahawia unaoelekea wekundu, kama kutu. Alikwangua kwa brashi ya chuma na kufunga leso puani. Leso hiyo ilifuliwa na Peris.

Halafu tukaambiwa mkubwa anakuja kujionea mwenyewe. Kila mtu aliyekulia nchi hii anajua kinachofuata mkubwa akisema anakuja. Tulipaka rangi. Tulipaka mawe ya njiani nyeupe, tukapaka mashina ya miti, tukapaka mapipa, ngazi, mikokoteni, na Injinia akasema hataki kuona hata chombo kimoja chenye rangi ya dukani. Hivyo mabati ya dawa nayo yakapakwa, kijani ya kampuni, yote, yaliyojaa na matupu, na mengine yaliyofuata baadaye yakapakwa siku ile ile yaliposhushwa kwenye lori, maana ilishakuwa utaratibu. Siku yenyewe injini ikawashwa, tukatazama handaki, na juu yake hewa ikatetemeka kwa joto bila moshi hata kidogo. Mkubwa akafurahi. Aliuliza moshi umekwenda wapi, na Injinia akajibu kwamba umekwisha, Mheshimiwa. Wakanywa chai, wakala sambusa za Bi Mastura, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeziagiza.

Umekwisha! Mimi nilisomea kemia, kidogo tu, lakini hata mwanafunzi wa darasa la kwanza la kemia anajua hakuna kitu kinachokwisha. Dawa ile ilikuwa na madini ndani yake, manganizi, na ndiyo iliyosaidia makaa kuungua mpaka mwisho. Makaa yanaungua. Madini hayaungui. Yanatoka na moto yakiwa unga, na unga lazima utue mahali. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa hakuuona tena. Injinia alijua hivyo kuliko mimi, alikuwa na digrii ya ng'ambo, na sitaki kusikia kwamba mambo ya zamani watu hawakujua.

Miezi ile ya kwanza kila mtu alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma. Mafuta ya jerikeni sasa yalikuwa na dawa, na koroboi za Kaloleni ziliacha kutoa moshi. Bi Mastura alipaka jikoni chokaa na kuniombea dua. Ouma alipeleka galoni nzima kwa kaka zake Usenge, kwa ajili ya karabai wanazoelea nazo ziwani kuita omena. Baada ya wiki chache kaka zake wakamrudishia maneno makali: mwanga umekuwa hafifu, omena hawaji, na kile kitambaa cheupe kinachowaka ndani ya karabai kimegeuka rangi ya kahawia na kuziba. Ouma aliniletea kimoja ndani ya ganda la kiberiti nikiangalie. Wiki hiyo hiyo fundi mmoja alikuwa ameweka mezani kwangu plagi za kuwashia injini, zimekataa kutoa cheche, na zimefunikwa ukoko. Nikaweka kile kitambaa kando ya plagi. Rangi ilikuwa moja. Nilitazama mikono ya Ouma aliyekuwa ameegemea mlango wangu, nikaona rangi ile ile imeshika kwenye mistari ya viganja.

Kuanzia hapo nilianza kumtazama. Alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, visigino havigusi chini, na akirudi kinyumenyume kidogo anaanguka. Uso wake, uso ule ambao ulikuwa haukai bila kuchekesha mtu, ukawa umetulia kama wa mtu anayesikiliza kitu mbali. Sauti ikawa ndogo. Wakati mwingine alicheka peke yake bila sababu, na machozi yakamtoka, na akaniambia mwenyewe kwamba hajui anacheka nini. Siku moja tulikuwa na samaki mzima, ngege mkubwa, na kama kawaida tukamsogezea. Alishika mgongo kwa vidole vyake viwili. Vidole vikatetemeka, mifupa ikakatika ndani ya nyama, akajaribu tena, ikakatika tena, mpaka samaki akawa uji. Ouma akafuta mikono na kusema ameshiba.

Pale karakana wakaanza kumcheka, wakamwita Busaa. Nilikwenda stoo wakati wa chakula, nikachukua bati moja na kulikwangua kwa kisu cha jikoni. Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili, na maneno yaliyosema usivute mvuke wake, usiguse kwa ngozi, tumia mahali penye hewa ya kutosha, vaa glavu na kinga ya pua. Yote tuliyapaka rangi sisi wenyewe ili mgeni apendezwe. Nililibeba lile bati tupu mpaka ofisini kwa Injinia nikaliweka juu ya meza yake, kando ya chai na mkate wa siagi. Alilitazama bila kushtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye aliyasoma kabla hayajapakwa.

Nilimwambia Ouma anaumwa na dawa. Nilimwambia dirisha lifunguliwe, kazi ifanywe jioni jua likishuka kama tatizo ni mwanga, anunue glavu, ampeleke Ouma kwa daktari na amweleze daktari anashika nini. Aliendelea kupaka siagi. "Binti," alisema, "miaka yote watu wamelia juu ya moshi. Nimeutoa. Wewe sasa unalilia nini?" Nikamwambia ninamlilia Ouma. Akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama nina uhusiano na mwanamume huyo, maana ana mke na watoto Usenge, na mimi ni msichana wa Kiislamu, ninapaswa kujichunga. Nina majibu mengi sasa, nimeyatunga miaka mingi nikiosha vyombo, lakini siku ile nilisimama tu pale, masikio yananiwaka.

Wiki hiyo hiyo Ouma alianguka mbele ya ofisi akiwa amebeba kopo la mafuta, na Injinia akaita walinzi na kumfukuza kwa kulewa kazini. Hakuna aliyemnusa mdomo. Alipelekwa hospitali, na daktari akamwuliza anakunywa nini na kiasi gani, akajibu hanywi, daktari akacheka. Uvumi ulifika Usenge kabla yeye mwenyewe hajafika, maana uvumi haupandi gari la nauli, na wazee wa kanisa wakamwita. Mimi nilichukua siku moja nikaenda. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya baba yake, kaka zake na Peris, nikaeleza dawa, chumba, bati, fuvu. Waliniandalia ugali na omena, wakanisikiliza kwa adabu, na nilipokwenda kunawa mikono nyuma ya jiko nikawasikia ndani. Kaka mmoja alikuwa akisema kwa Kijaluo, na Kijaluo cha kiasi hicho nilikielewa, kwamba sasa wanajua pesa za Ouma zilikuwa zinaishia wapi: pombe, na huyu wa Kaloleni. Peris aliponisindikiza barabarani hakunipa mkono.

Kazi yangu nayo haikurefushwa, na hilo silihesabu. Ila nataka lijulikane dawa iliachwa kwa nini. Haikuachwa kwa ajili ya Ouma. Mwisho wa mwaka ule wenye injini walileta malalamiko kwamba plagi zinakufa na ukoko mwekundu umeshika mapanga ya ndani, injini zinarudi karakana kabla ya wakati wake. Kukafanyika mkutano, watu wakavaa tai, na dawa ikasimamishwa ndani ya siku moja. Plagi ilikuwa na mtu wa kuisemea. Mabati yaliyobaki yakafukiwa nyuma ya uwanja, moshi ukarudi, shuka za Otonglo zikawa nyeusi tena, na Injinia akapandishwa cheo.

Basi pale Usenge, baada ya Injinia kurudisha kipaza sauti, nilisimama. Mshereheshaji alinitazama, mwanamke mwenye buibui ambaye hakuna anayemjua, akasita, nikakichukua mkononi mwake. Nilisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo changu ni cha sokoni na hasira haitoki vizuri kwa lugha ya kuazima. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, ila kwa kifupi: chumba kilichozibwa, mikono mitupu, rangi ya kijani juu ya fuvu, plagi. Nikasema nilifanya kazi na Ouma bega kwa bega na nilikula naye sahani moja, na hakunywa. Kisha nikamgeukia Injinia, nikamwuliza kama yeye aliwahi kukaa ndani ya kile chumba mlango umefungwa, hata kwa dakika moja.

Injinia aliegemea fimbo yake. "Ile ilikuwa kazi yake," alisema.

Nadhani alifikiri amejitetea, kumbe amekiri. Lakini kaka yake Ouma, yule yule niliyemsikia nikiwa nyuma ya jiko, sasa mzee asiye na meno, alikuwa anaangalia viganja vyake mwenyewe. Pasta ni kijana, hakuwepo miaka ile. Alikaa kidogo, akasimama, akafunga vifungo vya koti lake na kwenda kule kwenye mikatani kuzungumza na kwaya. Wakabeba viti vyao, wakaja kukaa karibu na jeneza, bila sare, wakaimba. Pasta akamzika kwa ibada kamili. Injinia aliondoka kabla ya udongo, na hakuna aliyemsindikiza mpaka garini, jambo ambalo kwa watu wa kule si dogo. Hasira yangu haikupungua hata tone. Kumsafisha mtu akiwa ndani ya jeneza ni kazi rahisi, na lile benchi la nyuma alilikalia yeye.

Baadaye Peris aliniita jikoni. Kulikuwa na giza mle ndani na sufuria nyingi, na akawatoa wanawake wengine nje. Alininawisha mikono, akaweka ugali na samaki kati yetu, tukala. Aliniambia kwamba nilipokuja mara ile aliniona mwanamke wa mume wake, na alinichukia mpaka asubuhi ile. Nikamwambia hilo lilishapita. Alitikisa kichwa, hakuwa amemaliza. Alikuwa anachambua samaki kwa ajili yangu, polepole, mfupa mmoja mmoja.

"Kila usiku akishalala nilikuwa namnusa mdomo," alisema. "Miaka yote hiyo. Sikuwahi kusikia harufu ya pombe hata siku moja."

Nilimwuliza kwa nini basi aliwaamini watu.

"Nilifikiri ni pua yangu imeharibika," Peris alisema.